Spear, Shujaa wa Jarida la Picha

African Film lilikuwa jarida la hadithi za picha lililosomwa sana Afrika Mashariki na Magharibi kuanzia mwaka 1968 hadi mapema miaka ya 1970. Shujaa wake, Lance Spearman, maarufu kama Spear, hakuchorwa. Mwigizaji Jore Mkwanazi alipigwa picha tukio kwa tukio, na maneno ya wahusika yakapachikwa juu ya picha hizo.

Anayefunua toleo la zamani leo hukuta jalada la rangi, na ndani picha nyeusi na nyeupe. Spear amevaa suti, tai ya kipepeo na kofia ya panama, na gari lake ni Corvette Stingray. Hapai angani kama Superman. Silaha zake ni ngumi, bastola na akili. Sonia na kijana Lemmy humsaidia, Kapteni Victor wa polisi humtegemea, na wahalifu kama Rabon Zollo humpa kazi. Sketi za wanawake ni fupi mno, zile zile ambazo Umoja wa Vijana wa TANU uliziandama jijini Dar es Salaam tangu Januari 1969.

Jarida liliandikwa kwa Kiingereza, lakini picha zilimbeba hata msomaji aliyekijua kidogo. Lilitolewa na Drum Publications ya Jim Bailey, Mzungu wa Afrika Kusini. Ni jambo zito hilo, kwa kuwa Tanzania wakati huo iliwahifadhi wapiganaji wa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, na kuisusia serikali ya Makaburu. Hata hivyo, si haki kumtupa Spear kwa sababu ya mwenye kampuni. Katika Afrika Kusini, nchi iliyomlazimisha Mwafrika kutembea na pasi, picha ya mtu mweusi anayetoa amri na kuheshimiwa ilikuwa na uzito wake.

Uzito huo huonekana wazi zaidi mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hadithi iliyoitangaza Ujiji duniani ni ya mwanahabari Stanley kumkuta mmisionari Livingstone hapo mwaka 1871, na mnara wa kumbukumbu ungali pale. Katika kitabu alichokitoa Stanley mwaka uliofuata, shujaa ni Mzungu. Waafrika wanabeba mizigo, wanaongoza njia, wanakufa kwa maradhi, na wengi wao hawatajwi hata majina. Kwa Spear mambo yaligeuka: Mwafrika ndiye anayesaka, ndiye anayefumbua fumbo, na kamera haimwachi.

Waandishi wa Tanzania hawakuchelewa kuingia uwanja huo. Faraji Katalambula, mtunzi wa Simu ya Kifo, alitoa jarida lake la picha kwa Kiswahili, Film Tanzania. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, mpelelezi wa Kitanzania anayewasaka maadui wa ukombozi wa Afrika, wakiwemo Makaburu wenyewe.