Mwalimu akidhulumiwa, mwanao ndiye hulipa

Je, mzazi mwenzangu, umewahi kujiuliza mwalimu wa mwanao huenda kazini na moyo wa namna gani kila asubuhi?

Nina jirani yangu, mama wa watoto wawili, anayefundisha katika shule moja ya msingi ya umma hapa jijini. Jina lake nalihifadhi, na la shule pia. Muhula uliopita alichelewa kufika kazini kwa sababu alikuwa amekesha hospitalini na mtoto mgonjwa. Alikuwa amempigia simu naibu wa mwalimu mkuu kumfahamisha. Alipoingia langoni, alikuta wanafunzi wangali gwarideni. Mwalimu mkuu akamwita mbele na kumkaripia kama mtoto mdogo. "Mtazameni huyu," akawaambia wanafunzi. "Mkianguka mtihani, mjue ni nani wa kulaumiwa."

Watoto wakacheka.

Nilijuaje? Mwanangu yumo katika darasa la mama huyo. Jioni hiyo aliniletea habari mbio mbio, macho yaking'aa: "Baba, mwalimu wetu ni mvivu. Mwalimu mkuu amesema!" Wiki mbili baadaye nilifungua daftari lake la hesabu nikakuta kazi haijafanywa. Nilipomuuliza, alinijibu kuwa siku hizi hakuna anayemsikiliza mwalimu yule.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba aibu ile haikuishia gwarideni. Ilikuwa imeingia nyumbani kwangu.

Vitisho vya uhamisho

Kisa cha jirani yangu si cha pekee. Keti na walimu wakiwa mbali na shule, nawe utasikia mengi. Kuna anayetishiwa kila mara kwamba atapelekwa mbali na jamaa yake. Kuna anayeombwa arudi darasani kabla ya likizo ya uzazi kwisha. Kuna aliyeuliza katika mkutano pesa za shule zimetumikaje, na tangu siku hiyo tathmini ya utendakazi wake ikawa mbaya. Tena wako walimu wa kike wanaoandamwa na wakubwa wao kwa maneno ya mapenzi, na wakikataa huandamwa kwa makosa ya kubuniwa.

Wanaoumia zaidi ni wale walioajiriwa na bodi za shule kuziba upungufu wa walimu. Hawa hawalipwi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Mshahara wao hutoka katika pesa za shule, na mara nyingi huchelewa. Mwalimu kama huyo akinung'unika, huelezwa kwamba langoni wapo wengine wanaoitaka kazi yake.

Kwa nini basi hawasemi? Wengi watakwambia kuwa mkono usioweza kuukata, ubusu. Mwalimu mkuu ndiye anayeandika ripoti ambazo wakubwa huzisoma. Mwalimu mwenye mkopo na karo ya kulipa huona heri anyamaze.

Haki pande zote

Tusiwaonee walimu wakuu pia. Wao nao hubanwa. Fedha za serikali huchelewa, wazazi wanataka matokeo mazuri, na wapo walimu wanaotoroka vipindi au kufika kazini wakinuka pombe. Mwalimu wa namna hiyo hana budi kuadhibiwa. Lakini sheria imeonyesha njia ya kufuata, na njia hiyo haipiti gwarideni.

Jambo ambalo wazazi wengi, na hata walimu wengine, hawalijui ni hili: mwalimu mkuu si mwajiri wa mwalimu wa TSC. Tume hiyo imekuwapo tangu 1967, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 237, iliipa kazi ya kuajiri walimu, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwafuta. Mwalimu mkuu aweza kuonya kwa barua na kushtaki. Bodi ya shule yaweza kusikiza kesi na kumsimamisha mwalimu kwa muda kwa niaba ya Tume. Lakini hakuna mwalimu mkuu awezaye kumfuta mwalimu wa TSC kwa hasira zake.

Kifungu cha 47 cha Katiba hiyo chataka uamuzi wa wenye mamlaka uwe wa haki, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mfanyakazi asifutwe kwa makosa kabla ya kusikizwa, na aweza kuja na mfanyakazi mwenzake au afisa wa chama. Sheria hii yamkinga hata mwalimu wa bodi. Kuhusu uzazi, mkataba wa 2021 kati ya TSC na vyama vya walimu uliongeza likizo kutoka siku 90 hadi 120.

Kwa hivyo mwalimu, ukitishwa, omba amri hiyo kwa maandishi. Weka kumbukumbu ya tarehe, maneno na waliokuwapo. Barua ya kutakiwa kujieleza usiitupe. Ijibu upesi na ubaki na nakala. Kisha nenda kwa chama chako. Knut ilianzishwa 1957 na Kuppet 1998, na ada unayokatwa kila mwezi si sadaka.

Nasi wazazi je? Tuna wawakilishi wetu katika bodi za shule. Tuwaulize walimu wanatendewaje, kama tunavyouliza habari za chakula na madawati.

Jirani yangu aliandika barua, akafuatana na afisa wa chama hadi ofisi ya elimu. Hajaombwa radhi mbele ya wanafunzi waliomcheka. Ila wito wa gwarideni umekoma.

Mimi nilimwita mwanangu nikamweleza kwamba asubuhi ile mwalimu wake alitoka hospitalini, hakulala, na bado alikuja kumfundisha. Alinyamaza kwa muda. Kesho yake aliondoka mapema, daftari la hesabu mkononi, kazi yote imefanywa.

Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Nyasi hizo, msomaji, ni watoto wetu.