Transition: jarida lililoishi kwa barua za wasomaji

Rajat Neogy alipoanzisha jarida la Transition mjini Kampala, Uganda, mwaka 1961, aliufanya ukurasa wa barua kuwa baraza. Mwaka 1963 Obi Wali alidai kuwa fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya haina mustakabali. Majibu yalikuwa makali, Ezekiel Mphahlele akiwa miongoni mwa waliompinga, na Neogy, tofauti na wahariri waoga, akayachapisha.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Mwaka 1968 barua ya mbunge Abu Mayanja iliikosoa serikali ya Milton Obote kwa kuchelewa kuteua majaji Waafrika. Mwandishi na mhariri wote wawili wakatiwa kizuizini. Jarida lilirejea mwaka 1971, likichapishwa nchini Ghana.