Gari Linawaka, Kisha Linazimika

Huenda nyumbani kwenu, chini ya mwembe au katika kibanda cha mabati, limo gari la zamani ambalo halijatembea mwaka mzima au zaidi. Labda ni Peugeot 504, labda Land Rover ya miaka ya 1970, lenye injini ya petroli na kabureta. Mwenyewe aliugua, au alisafiri, au fedha zilikosekana. Leo mnalitaka tena, lichukue mahindi sokoni na wagonjwa hospitali. Mmetia betri yenye nguvu, mmeliwasha, nalo likanguruma. Kabla watoto hawajamaliza kupiga makofi, likazimika. Mkawasha tena, likazimika tena.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mmoja asema, "Ni pampu," mnanunua pampu. Kesho mwingine asema, "Ni koili," mnanunua koili. Keshokutwa mbuzi wawili wamekwisha kuuzwa, na gari liko palepale. Basi usinunue kitu kabla hujaujua ugonjwa.

Injini yataka vitu vitatu: petroli, hewa na moto wa plagi. Gari lililowaka, hata kwa dakika moja, limekuonyesha kwamba vyote vitatu vilikuwapo. Swali ni moja tu: kipi kilikoma?

Angalia jinsi linavyozimika. Likikatika ghafula kama taa iliyozimwa, shuku umeme. Magari mengine yana kizuizi cha umeme njiani kuelekea koili. Wakati wa kupiga stata umeme hukizunguka. Ukiuachia ufunguo, lazima upite humo. Kikiwa kimekatika, injini hufa mara ile ile unapouachia ufunguo.

Lakini likikohoa, likadhoofika, kisha likafa, shuku petroli. Kwa gari lililolala muda mrefu, mara nyingi kosa ni hili. Ndani ya kabureta mna kibakuli chenye akiba ndogo ya petroli. Injini hula akiba hiyo kwanza. Ikiisha na nyingine isije, hufa kwa njaa.

Kwa nini isije? Petroli huzeeka. Sehemu zake nyepesi hupaa, na inayobaki huwa nzito kama ulimbo, ikaziba vitundu vya kabureta. Unyevu wa hewa huacha maji ndani ya tangi, na maji huleta kutu. Tena maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini, ambako bomba hufyonza. Mipira nayo hupasuka, na ngozi ya pampu hukauka.

Sasa pima kwa utaratibu, ukianza na yasiyo na gharama.

Kwanza, toa petroli kidogo chini ya tangi, itie katika chupa ya kioo, iache itulie. Ikiwa imegeuka rangi kama chai na kunuka vibaya, au maji yakijitenga chini, itoe yote, safisha tangi, tia mpya. Usiimwage karibu na kisima wala shambani.

Pili, legeza mfuniko wa tangi, kisha washa. Injini ikiendelea kunguruma, kitundu cha hewa cha mfuniko kimeziba. Kizibue tu.

Tatu, vua waya mwembamba wa koili utokao kwenye swichi, ili moto usiruke. Vua bomba la petroli pale kwenye kabureta, lielekeze ndani ya chupa, na mwenzako apige stata kidogo. Petroli ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima. Tatizo liko ndani ya kabureta. Isiporuka, rudi nyuma hatua kwa hatua: pampu, chujio, mipira, tangi. Mara nyingi utakuta chujio limejaa kutu.

Nne, jaribu choki. Injini ikienda vizuri choki ikiwa imevutwa, na kufa unapoirudisha, basi kitundu cha kabureta kimeziba, au hewa inapenya chini yake. Kabureta ifunguliwe na kusafishwa. Si lazima inunuliwe mpya.

Nakuonya mambo matatu. Usikaribishe sigara wala kibatari. Usifyonze petroli kwa mdomo. Wala usiwashe injini ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Ukishindwa, usione haya, mwite fundi. Lakini mweleze uliyoyaona: linazimika ghafula au polepole, petroli inaruka au hairuki. Fundi mwema atakushukuru, maana umempunguzia nusu ya kazi. Na yule aliyetaka kukuuzia pampu usiyoihitaji atajua kwamba mwenye gari ana macho.