Roketi ya Tintin na Urani ya Katanga

Wapo wakubwa wanaodhani kuwa vitabu vya katuni ni mchezo wa watoto usiostahili kujadiliwa katika safu kama hii. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao, mpaka mwanawe wa darasa la sita aliporudi na kitabu cha kuazima na kumwuliza kwa nini ulevi wa Kepteni Haddock umejikusanya hewani kama mpira, wala haumwagiki chini. Ulevi tumwachie Kepteni mwenyewe. Swali lilikuwa la fizikia, na lilistahili jibu.

Kitabu hicho ni sehemu ya pili ya safari ya Tintin kwenda Mwezini, kazi ya mchoraji wa Kibelgiji Georges Remi, ajulikanaye kwa jina la Hergé. Hadithi ilianza kutolewa gazetini mwaka 1950, kisha ikakusanywa katika vitabu viwili, cha 1953 na cha 1954. Ikumbukwe kwamba satelaiti ya kwanza ya Warusi ilirushwa mwaka 1957, na binadamu hakukanyaga Mwezi hadi 1969.

Hergé hakuwa mwanasayansi. Alichokifanya ni kuuliza. Alikisoma kitabu cha Alexandre Ananoff juu ya usafiri wa anga, kilichotoka mwaka 1950, akaandikiana naye barua. Aliamuru itengenezwe sanamu ya roketi yenye kufunguka na kuonyesha vyumba vya ndani, ili wasaidizi wake wasikosee mahali pa ngazi wala pa mlango, na sanamu hiyo akamwonyesha Ananoff aikague. Matunda ya juhudi hiyo yamo kitabuni. Roketi inageuka njiani, ikaelekeza mkia Mwezini, ili injini ipunguze mwendo. Injini ikizimwa, uzito unatoweka, na hilo ndilo jibu la swali la mwanangu. Kimondo kinaanguka karibu na wasafiri bila ya kishindo, kwa sababu Mwezini hakuna hewa ya kuchukua sauti.

Makosa hayakukosekana. Roketi yake inatua nzima na kurudi nzima, ilhali ile ya Wamarekani ilijengwa kwa vipande vyenye kuachwa njiani kimoja baada ya kingine. Aidha, alichora barafu ndani ya pango la Mwezi. Kwa miaka mingi barafu ile ilionekana kuwa ndoto tu, lakini mwaka 2009 chombo cha Marekani kiligongeshwa makusudi katika shimo lenye kiza karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, na katika vumbi lililoruka yakaonekana maji.

Sasa na tumrudishe mchoraji huyu nyuma miaka ishirini. Mwaka 1930, akiwa kijana wa miaka 23, alimpeleka Tintin huyohuyo Kongo, nchi iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko. Alitegemea jumba la makumbusho la Tervuren na masimulizi ya kikoloni yaliyozagaa mjini Brussels. Tazameni basi ufundi uliomo. Gari dogo la Tintin limekwama juu ya reli. Garimoshi linakuja na kuligonga. Kinachopinduka ni garimoshi, na gari limesalimika! Kisha Wakongo wanakaripiwa walinyanyue, nao wamechorwa kama watu wavivu wasiotaka kuchafuka. Sijui ni fizikia gani hiyo. Lakini najua kwamba reli ya kweli ya Kongo, kutoka Matadi hadi Léopoldville, zaidi ya kilomita 350, ilijengwa baina ya 1890 na 1898, na kwa hesabu ya wakoloni wenyewe waliikufia Waafrika 1,800 na Wazungu 132. Hao ndio walioitwa wavivu.

Kitabu kilipochorwa upya mwaka 1946, kilifanyiwa marekebisho. Katika toleo la awali Tintin aliwafundisha watoto wa Kikongo juu ya nchi yao, yaani Ubelgiji. Katika toleo jipya anawauliza mbili na mbili ni ngapi. Ubelgiji uliondolewa, hesabu ikaingia, na watoto wakabaki vilevile, hakuna ajuaye jibu.

Hergé aliuuliza Mwezi, usio na mtu hata mmoja, na Kongo yenye mamilioni ya watu hakuiuliza. Tena viko karibu kuliko inavyodhaniwa. Roketi ya Tintin inaendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na kituo chake kimejengwa katika milima ya Syldavia, nchi ya kubuni, kwa sababu huko imepatikana urani. Ubelgiji haukuhitaji kubuni. Urani yake ilitoka Shinkolobwe, Katanga, katika jimbo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya migodini na sokoni. Zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe zilipelekwa New York mwaka 1940, kisha jeshi la Marekani likazinunua, na sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa na mikono ya watu wa huko. Miaka mitano baadaye, watoto wa Ulaya walipoanza kusoma habari za roketi ya urani, Katanga haikutajwa.

Kwa ndugu zetu wanaochagua vitabu vya maktaba za skuli Unguja na Pemba, sipendekezi marufuku. Vitabu viwili vya Mwezi vinunuliwe, na vimfikie mwalimu wa sayansi kabla ya kufika kabatini. Kile cha Kongo kisomwe na wakubwa wa sekondari katika somo la historia, mwalimu akiwepo, na ramani ya Katanga iwe imetundikwa ukutani.