Nani Amejaza Diski?

Hapa Gisenyi diski ya kompyuta ya darasa letu ikijaa, watu hufuta insha za wenzao kwa kubahatisha. Ndipo nikaandika programu fupi ya Python. Unaitajia folda, os.walk hupita katika folda zote zilizomo, na os.stat husoma habari za kila faili. Angalieni jambo moja: diski hugawanywa kwa vipande, mara nyingi vya baiti 4096, na faili ya baiti 10 yachukua kipande kizima. Kwa hiyo katika Linux nazidisha hesabu ya st_blocks kwa 512, kisha najumlisha, kama ifanyavyo du, programu iliyokuwamo katika Unix tangu 1971. Tulipoijaribu, insha zote pamoja hazikufika nusu ya sinema moja.