Uteuzi wa Hifadhi ya Pamoja kwa Kanzidata za Klasta: Mazingatio kwa Kopasi za Kiswahili

Makala haya yanafafanua suala ambalo sisi wanaisimu huwaachia mafundi: mahali zinapokaa data za kopasi inayohudumiwa na seva kadhaa. Hoja yetu ni kwamba kabla ya kuuliza inunuliwe diski ipi, sharti kuulizwe programu ya kanzidata (wengine husema hifadhidata) inaruhusu seva ngapi kuandika mahali pamoja.

Oracle RAC huziruhusu seva zote kuandika kwenye diski zilezile, zikiratibiwa kwa kufuli. Hapo hifadhi ya pamoja ni ya lazima. PostgreSQL, kinyume chake, haikubali seva mbili zitumie saraka moja ya data kwa wakati mmoja. Kwayo, diski ya pamoja hufaa tu pale seva ya pili inapokaa ikisubiri ya kwanza ianguke. Hatari imo katika makabidhiano hayo. Seva ya kwanza yaweza kuwa imepoteza mtandao tu, ingali hai. Zikiandika zote mbili, data huharibika. Kwa hiyo klasta lazima iweze kuikatia umeme seva inayoshukiwa kabla ya nyingine kushika kazi. Mradi usiomudu hilo ni afadhali ubaki na seva moja. NFS ni nafuu, lakini yafaa tu ikiwa seva ya faili hukiri kupokea maandishi baada ya kuyafikisha kwenye diski.

Kwa taasisi za nchi jirani, kizuizi kikubwa zaidi ni umbali. Mwanga husafiri katika nyuzi takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Dar es Salaam na Nairobi zimeachana zaidi ya kilomita 600, hivyo kwenda na kurudi huchukua walau milisekunde 6, ilhali diski ya kisasa iliyo chumbani huandika kwa chini ya milisekunde moja. Diski moja ya kuvuka mpaka, basi, haifai. Kila taasisi iwe na diski zake, na seva moja iandike huku nyingine zikipokea nakala na kusomwa.

Mpangilio huu huibua swali la kisera ambalo fundi hawezi kulijibu: taasisi ipi iwe na mamlaka ya kuandika? Lijibiwe katika hati ya makubaliano kabla ya ununuzi. Hati hiyo itenge pia fedha za nakala rudufu zinazotunzwa nje ya klasta, kwa sababu ingizo likifutwa kimakosa katika seva kuu, hufutika katika seva zote.