Punje Moja Huharibu Birika Zima

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika vilima vya Bugendana, mkoani Gitega, nchini Burundi, usemi huo wafaa pia kwa kahawa.

Huko mkulima hutunza mibuni yake mwaka mzima. Buni zikisha kuoshwa, kukaushwa na kukobolewa, hung'aa na kupendeza. Hata hivyo, miongoni mwake huenda imejificha punje moja yenye ladha ya kiazi. Kasoro hiyo, inayojulikana sana Burundi na Rwanda, huhusishwa na mdudu aitwaye antestia, atoboaye matunda ya mbuni. Jicho haliwezi kuitambua kila punje ya namna hiyo. Lakini ikisagwa, harufu ya kiazi kibichi kilichomenywa hutoka mara moja, na birika zima huharibika. Mnunuzi akikutana nayo huenda akakataa shehena, na jasho la mkulima likapotea.

Ndiyo maana kahawa huhukumiwa kwa muonjo. Kwa kila sampuli hutayarishwa vikombe vitano, na buni za kila kikombe husagwa peke yake, ili punje mbovu isifiche kosa lake kwa kuenea kote. Gramu 8.25 za kahawa humiminiwa mililita 150 za maji yenye joto la nyuzi 93 hivi. Baada ya dakika nne, mwonjaji huvunja tabaka la juu kwa kijiko na kunusa. Ikipoa kidogo, huivuta kinywani pamoja na hewa, kwa sauti kubwa, kisha huitema. Mkulima hatajwi, sampuli hujulikana kwa namba tu. Kila mwonjaji huandika alama zake kimya, asije akamfuata mwenzake. Kahawa ipatayo alama 80 au zaidi kati ya 100 huhesabiwa kuwa ya daraja la juu. Kwa njia hiyo, tangu mwaka 2012, kahawa za Burundi zimeshindanishwa katika Cup of Excellence, na washindi kuuzwa kwa mnada wa kimataifa.

Kinga huanzia shambani: kupogoa mibuni, kumwangamiza mdudu, na kutumbukiza matunda majini ili yale yaeleayo yatengwe.

Mama wa nyumbani naye aweza kutumia hekima hiyo. Je, unga wa bei ghali una ladha bora kuliko ule wa bei nafuu? Apike uji wa aina zote mbili kwa kipimo kimoja. Ajaze vikombe vitatu, viwili vya uji wa aina moja na kimoja cha nyingine, kisha awape jamaa waonje bila kuambiwa. Pasiwepo sigara wala manukato, na kila mmoja asukutue kinywa kwa maji kila abadilipo kikombe. Mwenye kubahatisha hupatia mara moja katika tatu. Kwa hiyo jaribio lirudiwe. Wakishindwa kukitambua kikombe cha pekee, kuna haja gani ya kulipia zaidi?